Damu ndani ya mfuko wa nyongo: kisa cha mshona kofia wa Shela

Mgonjwa ni mama wa miaka 47, mkaazi wa Shela kisiwani Lamu, kazi yake kushona kofia. Mambo machache nimeyabadilisha asitambulike, na yeye mwenyewe ameridhia kisa chake kiandikwe. Nakieleza kwa urefu kwa sababu kila dalili aliyotuletea ilikuwa na jibu lake la kawaida, jibu ambalo hata mimi nililitoa bila kufikiri mara mbili. Maumivu, mawe ya nyongo. Choo cheusi, vidonda vya tumbo. Macho ya manjano, jiwe limeziba njia. Damu pungufu, mama zetu wengi wana damu pungufu. Kumbe yote manne yalitoka mahali pamoja: mshipa ulikuwa ukivuja damu ndani ya mfuko wa nyongo.

Alifika kwetu Alhamisi kabla ya adhuhuri. Alitoka Shela kwa boti hadi gati la Lamu mjini, na kutoka gatini akasukumwa kwa mkokoteni, ameinamia upande wa kulia, kiganja hakibanduki chini ya mbavu. Nilipomuuliza panapouma hakutaka maneno mengi. "Hapa, mwanangu. Hapa tu."

Maumivu yalimwanza Jumamosi usiku, yakaja na kutapika, na tangu Jumatano akawa na homa. Joto lilikuwa 38.4, mapigo ya moyo 104, presha 118/74. Nilibonyeza chini ya mbavu za kulia nikamwambia avute pumzi. Alifika nusu akaikatiza na kunishika mkono. Hiyo ndiyo ishara ya Murphy, na kwa mama wa umri huu aliyezaa watoto watano, mawazo ya daktari huenda moja kwa moja kwenye mawe ya nyongo. Ultrasaundi ikaafiki: mawe mawili, ukuta wa mfuko una unene wa milimita 6 ilhali kwa kawaida hauzidi 3, maji kidogo pembeni, na ndani mfuko umejaa kitu kizito cha kijivu ambacho ripoti ilikiita matope ya nyongo. Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, 10.4. Nikaandika kwamba mfuko wa nyongo umevimba kwa sababu ya mawe, nikamwanzishia dripu na antibiotiki mbili, seftriaksoni na metronidazoli.

Alikuwa na historia moja nzito. Miaka saba nyuma alibadilishwa vali ya mitrali, mmoja wa milango ya moyo, jijini Nairobi, baada ya moyo kuharibiwa na homa ya rumatiki ya utotoni, akawekewa vali ya chuma. Mwenye vali kama hiyo hutumia warfarini maisha yake yote, damu isije ikagandia kwenye chuma, na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, hutakiwa kikae kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo vali huweza kuganda. Juu sana, mtu huvuja damu popote penye jeraha, hata lile asilolijua.

"Unatumia dawa gani, mama?"

"Ya moyo, mwanangu. Kila usiku."

Nikaandika warfarini miligramu 5, nikaagiza INR. Vifaa vya kipimo hicho vilikuwa vimekwisha siku ile, kwa hiyo sampuli ikalala ikingojea kupelekwa maabara nyingine mjini. Kitabu chake cha kliniki kilionyesha kwamba mara ya mwisho alipimwa miezi minne nyuma, kwa kuwa safari ya kwenda Mombasa na kurudi inakula faida ya kofia kadhaa. Na swali la pili sikuliuliza. Lilikuwa jepesi: tangu tumbo lianze kuuma, umemeza nini kingine?

Ijumaa, kama saa kumi alfajiri, maumivu yalirudi kwa nguvu ambayo hakuwa nayo hata siku ya kwanza. Muuguzi wa zamu aliniita. Mama alikuwa amejikunja kama aliye na uchungu wa kuzaa, yanakuja kwa mawimbi, yanapanda hadi begani. Kabla dawa ya maumivu haijamaliza kuingia, yakakatika. Yalitulia ghafla kiasi kwamba alifunga macho akasema alhamdulillahi, na mimi pia nikashusha pumzi. Saa moja baadaye alikwenda choo. Kilikuwa cheusi, kinanata kama lami, na harufu yake haimpotei mtu aliyewahi kuisikia wodini. Kisha akatapika matapishi yenye chembe nyeusi kama kahawa iliyosagwa.

Mapigo yakawa 118, presha 92/58. Hemoglobini 7.0. Tukafungua dripu ya pili, tukaomba damu, tukampa omeprazoli. Maelezo niliyokuwa nayo kichwani yalikuwa vidonda vya tumbo, na wala sioni aibu kwamba hilo lilikuja la kwanza, kwa sababu ndilo la kawaida zaidi. Aibu ni kwamba nililikumbatia. Kulipopambazuka nikamfungulia kope karibu na dirisha, nikaona weupe wa macho umegeuka. Binti yake naye aliona. "Mato ya mama yamekuwa manjano," alisema, kwa Kiamu chao. Bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo inayopimwa kwenye damu, iliyokuwa 18 jana yake sasa ilisoma 74. Vidonda vya tumbo havimgeuzi mtu macho ya manjano. Nikajiambia basi jiwe moja limeteleza likaziba njia ya nyongo. Sasa nilikuwa na magonjwa mawili kwa mgonjwa mmoja, yametokea saa ileile, na nilikuwa tayari kuyakubali yote mawili.

Aliyenitoa hapo ni binti yule, naye hakuwa anazungumzia tumbo. Alikuwa akihuzunikia kofia. Kofia nyeupe ya harusi, karibu kumalizika, imeingia damu. Sindano ilimdunga mama kidole Jumanne, akakifunga kwa kitambaa, damu ikapenya. Akabadilisha kidole, na hicho nacho kikadungwa, vivyo hivyo. Mshona kofia hudungwa kila siku. Vile vitundu vidogo hutobolewa kimoja kimoja, kisha pembe zake huzungushiwa uzi, na ncha za vidole vya mama huyu ni ngumu kama kwato. Tone moja hukauka kabla hajalifikiria. Jumanne halikukauka. Binti akatoa daftari la oda kwenye mkoba: jina la mwenye kofia, kipimo cha kichwa, malipo ya awali, na pembeni, kwa hati ya mama mwenyewe, herufi za Kiarabu, "imeingia damu, Jumanne".

"Na kabla ya Jumanne alikunywa nini?"

Jumapili walikwenda duka la dawa wakaeleza tumbo, wakapewa metronidazoli ya siku tano na diklofenaki ya maumivu. Hakuna aliyeuliza habari za moyo, na wao hawakutaja, kwa sababu waliumwa tumbo, hawakuumwa moyo. Simlaumu muuzaji kwa kosa ambalo mimi nililirudia siku nne baadaye nikiwa na faili lote mkononi. Metronidazoli huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja warfarini, hasa ile sehemu yake yenye nguvu zaidi. Vidonge ni vilevile vya kila usiku, lakini vinajikusanya mwilini, na ndani ya siku chache INR hupaa. Diklofenaki nayo hulegeza chembe sahani, zile zinazoanza kuziba jeraha, na kukwaruza tumbo. Mtu asiyekula kwa kutapika hapati vitamini K ya chakula, na homa huongeza kasi ya kuvunjwa kwa vigandisho. Mama alikuwa na yote haya kwa pamoja. Nami Alhamisi nilimwongezea metronidazoli nyingine kwa mshipa.

Majibu ya INR yalirudi saa tatu asubuhi: 7.9.

Nikarudi kwenye ultrasaundi, safari hii nikasimama mwenyewe kando ya mashine. Kile kilichoitwa matope hakikuwa kama jana. Kilikuwa na tabaka, sehemu nyeupe nyeupe na sehemu nyeusi, kama maziwa yaliyokatika. Tulimlaza ubavu wa kushoto. Matope ya nyongo hutambaa polepole kufuata uzito. Hiki kilibaki pale pale, kimeshikamana. Mawe mawili yalitupa kivuli nyuma yao kama mawe yanavyofanya. Hiki hakikutupa kivuli chochote. Ni damu iliyoganda, na njia kuu ya nyongo nayo ilikuwa imetanuka, ndani yake mna kitu cha aina ileile.

Jina la hali hii ni hemobilia, damu katika njia za nyongo, na jina hilo lilitolewa na Philip Sandblom mwaka 1948. Jambo lenyewe ni la kale kuliko jina: Francis Glisson, yule ambaye utando wa ini unaitwa kwa jina lake, alilieleza mwaka 1654. Dalili tatu za pamoja, yaani maumivu ya juu kulia, manjano, na damu tumboni, zilipangwa na Heinrich Quincke wa Ujerumani mwaka 1871, na vitabu huziita utatu wa Quincke. Zote tatu kwa pamoja huonekana kwa theluthi tu ya wagonjwa au pungufu, ndiyo maana daktari anayengoja zitimie huchelewa. Siku hizi visa vingi husababishwa na mikono yetu wenyewe: sindano ya kuchukua kipande cha ini, mirija inayopitishwa kwenye njia za nyongo, upasuaji. Mfuko wa nyongo uliovimba peke yake kusababisha damu ni nadra.

Hutokea kwa njia mbili, na ni vizuri kuzitenganisha kwa sababu tiba haifanani sana. Ya kwanza, ukuta wa mfuko uliobanwa na kuvimba hukosa damu ya kutosha, utando wa ndani hukatika na kuchubuka, na jeraha hilo huvuja. Kwa mtu mwenye damu inayoganda vizuri, huo ni mchubuko tu. Kwa aliye kwenye warfarini, au mwenye ini lililonyauka, au mwenye figo zilizochoka, mfuko unaweza kujaa damu. Ya pili ni ya ateri yenyewe. Ateri ya mfuko wa nyongo ni tawi dogo, kwa kawaida la ateri ya ini ya kulia, na hupita karibu na shingo ya mfuko, pale ambapo mawe hupenda kukwama. Uvimbe na mgandamizo wa jiwe huula ukuta wa ateri kutoka nje kuingia ndani, ukuta unalegea, damu inatoka na kujitengenezea kifuko pembeni chenye ukuta mwembamba usio wa kweli. Kifuko hicho kikipasukia ndani ya mfuko wa nyongo, damu ya ateri, yenye presha ya moyo, inamwagika kwenye nyongo.

Hapa ndipo yale maumivu ya alfajiri yalipopata maana. Damu na nyongo hazichanganyiki vyema. Damu inayovuja taratibu huganda ndani ya nyongo ikawa bonge, bonge likaziba njia, njia ikakaza misuli kulisukuma: ndio ule uchungu wa mawimbi. Bonge likipita kwenye mlango wa utumbo, maumivu hukatika ghafla, na baada ya muda damu huonekana chini. Likikaa, macho hugeuka manjano. Ule utulivu niliousherehekea pamoja na mama saa kumi na moja ulikuwa ndio damu inapita. Mgonjwa wa vidonda huvuja bila mpangilio huu. Wenzangu wa wodi sasa wananisikia nikiuliza swali hili mpaka wamelichoka: maumivu yaliisha kabla ya choo cheusi au baada?

Jambo la pili lililotufungua macho ni hesabu ya damu. Alipewa pakiti mbili. Pakiti moja kwa mtu mzima hupandisha hemoglobini kwa takriban gramu 1, kwa hiyo kutoka 7.0 tulitarajia karibu 9. Tukapata 7.8. Damu tuliyoiingiza ilikuwa na mahali inakovujia. Baada ya sala ya Ijumaa ndugu zake wanne walikuja kutoa, na foleni yao nje ya maabara, kanzu zao nyeupe, ndiyo iliyonitia moyo siku ile.

Ikabaki swali gumu kuliko yote. INR 7.9 na damu inavuja, dawa ya kurudisha kuganda ipo, vitamini K. Lakini kifuani mna chuma. Ukiigandisha damu kupita kiasi unaweza kuziba vali, na vitamini K nyingi humfanya mgonjwa asiitikie warfarini kwa siku nyingi baadaye. Kwa mwenye vali ya chuma, njia inayopendekezwa kwanza ni vigandisho vilivyokolezwa au plazima, yaani maji ya damu, ambavyo hufanya kazi upesi na kwisha upesi. Vyote viwili hatukuwa navyo kisiwani siku ile. Nilimpigia simu daktari wa moyo Mombasa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hatari ya vali bila dawa huhesabiwa kwa mwaka, na hatari ya mshipa ulio wazi huhesabiwa kwa saa. Tukasimamisha warfarini na metronidazoli, tukampa vitamini K miligramu 5 kwenye dripu, ikiingia taratibu sana kwa sababu ikiharakishwa huweza kuleta mshtuko wa mzio. Wapo watakaosema ni nyingi kwa mwenye vali, na wapo watakaosema ni kidogo kwa anayevuja. Ningetoa hiyohiyo tena.

Safari ilianza Jumamosi alfajiri, kwa maana barabara ya kutoka Mokowe si ya kusafiri usiku na mgonjwa wa namna hii. Boti mpaka Mokowe, machela ikashikwa na watu sita pale penye ngazi, kisha ambulansi kupitia Witu na Minjila hadi Malindi. Nilikwenda naye. Alikuwa na pakiti ya tatu ikining'inia juu yake, na kila gari lilipotikisika alishika mbavu akanitazama kunisomea uso. Malindi walikuwa wamekwisha kuyeyusha plazima tulipofika, na nawashukuru, maana tuliwapigia simu tukiwa njiani wakatuamini bila kutuuliza karatasi. INR ilishuka mpaka 1.9 kabla hatujaondoka hapo. Hemoglobini 7.6. Bado alikuwa anavuja, ingawa kwa utaratibu zaidi, na hilo lenyewe lilisema kitu: INR imeshuka na damu haijakoma, basi si mchubuko wa utando tu. Kuna ateri.

Mombasa, picha ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa iliionyesha. Vitu vilivyojaa mfuko vilipimwa 58 kwenye kipimo cha Hounsfield, kile cha uzito wa vitu kwenye picha ya CT. Nyongo safi huwa kati ya 0 na 20. Na kwenye shingo ya mfuko, kando ya jiwe kubwa, palikuwa na kitone kinachong'aa sawasawa na ateri, upana wa milimita 9. Kifuko kile.

Tiba inayopendelewa ikiwezekana ni kupitisha waya mwembamba kutoka kwenye mshipa wa paja hadi kwenye ateri hiyo, na kuiziba kwa vikoili, yaani viwaya vilivyojikunja, kabla ya kuondoa mfuko. Siku hiyo haikuwezekana, na mama hakuwa wa kungojewa. Tumbo lilifunguliwa. Daktari wa upasuaji alieleza kwamba kabla ya kugusa mfuko aliuzungushia mkanda ule utepe unaobeba mishipa yote iendayo kwenye ini, tayari kuukaza damu ikifoka, kama alivyofundisha Pringle mwaka 1908. Ilifoka. Aliukaza, akaiona ateri, akaifunga pande zote mbili za kifuko. Mfuko wa nyongo ulitoka umejaa mabonge meusi yanayong'aa kama maini, na jiwe la sentimita 2 lilikuwa limechimba kitanda chake ukutani, mahali pale pale. Njia kuu ilisafishwa mabonge. Mchunguzi wa tishu hakuona saratani, jambo ambalo lazima litafutwe, kwani saratani ya mfuko huvuja namna hiyohiyo.

Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa vali. Heparini ya dripu, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ilianzishwa baada ya saa 48, bila dozi ya kutangulia, ili ikianza kuvuja tena ingeweza kuzimwa mara moja. Warfarini ilirudi siku ya nne. INR ilichukua siku kumi kufika 2.5, na nadhani hiyo ndiyo bei ya miligramu zetu 5. Kila asubuhi daktari wa moyo aliweka sikio kusikiliza ule mlio wa chuma, tik tik safi, ambao ukififia ni habari mbaya. Haukufifia.

Nilimwona tena Shela baada ya miezi mitatu, barazani kwake, anashona. Kipimo cha INR sasa anapimiwa Lamu kwa kudungwa kidole, naye huchagua kidole asichoshonea. Daftari la oda lilikuwa magotini. Binti amepiga mstari wima upande wa kushoto wa kila ukurasa na kuweka safu mbili mpya: moja ya INR, nyingine ya kila dawa inayoingia nyumbani, hata ya mafua ya watoto, na nani aliyeitoa. Nilisoma kutoka juu kwenda chini. 2.8. 3.1. 2.7. Ya wiki ile ilikuwa 2.9, na kando yake kofia mbili, kipimo cha kichwa 22 na nusu, malipo bado.